Msimpigie bosi wake kabla hajaaga

Mtu akishapewa barua ya ajira na kampuni ya ushauri, akaikubali na kutia saini, kampuni hiyo isimpigie simu mwajiri wake wa sasa mpaka mwenyewe aseme kwamba amewasilisha notisi. Huo ndio msimamo wetu. Hatupingi mwajiriwa mpya kupigwa msasa. Tunachopinga ni kumpiga msasa kwa namna inayoweza kumkosesha kazi aliyo nayo kabla hajaingia kwenye ile aliyoahidiwa.

Maana barua ile, mara nyingi, si ya mwisho. Anayeipokea huangalia mshahara, cheo na tarehe ya kuanza, kisha huwapigia simu wazazi. Ukurasa wa pili au wa tatu kuna aya fupi isemayo kwamba ajira itategemea matokeo ya uchunguzi: vyeti vya masomo, historia ya kazi, rekodi ya polisi, pengine na madeni. Kampuni imejiwekea nafasi ya kurudi nyuma. Mwombaji akishaacha kazi hana nafasi hiyo. Tangu siku ya kutia saini hadi siku atakapoambiwa kwamba uchunguzi umekamilika salama, kazi yake ni moja tu, nayo ni ile ya zamani. Akiipoteza katika kipindi hicho, amebaki na karatasi.

Mambo huharibikia kwenye fomu. Siku chache baada ya saini, kiungo huja kwa baruapepe kutoka kampuni nyingine kabisa, iliyokodiwa kufanya uchunguzi. Mtu hujaza majina, namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, shule alizosoma na waajiri wake wote wa miaka ya karibuni. Chini ya jina la mwajiri wa sasa kuna nafasi ya jina la msimamizi, namba yake ya simu, na kisanduku cha kutia alama: tuwasiliane naye? Ndiyo au Hapana. Wengi hutia Ndiyo. Wanaogopa kwamba Hapana itasomeka kama jibu la mtu mwenye la kuficha. Fomu nyingine hata kisanduku hicho hazina. Namba ya simu ni ya lazima, na usipoijaza ukurasa unaofuata haufunguki.

Anayepiga simu ni kijana mwenye orodha ndefu ya majina ya kumaliza kabla ya jioni. Hajui lolote kuhusu mazungumzo yako na waliokuajiri. Hupiga mapokezi, huomba kuunganishwa na idara ya rasilimali watu, na kusema kwa sauti ya upole kwamba anathibitisha ajira ya fulani. Kufikia saa ya chakula cha mchana, ghorofa nzima inajua.

Kinachofuata hakihitaji barua ya kufukuzwa. Mradi uliokuwa wako unapewa mwenzako. Bonasi ya mwisho wa mwaka inasahaulika. Ukiwa unafanya kazi kwa washindani wa kampuni hiyo ya ushauri, huenda ukaombwa kurudisha kompyuta alasiri hiyohiyo na kusindikizwa hadi kwenye lifti. Kutafuta kazi si kosa la nidhamu. Orodha ya makosa makubwa katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haina kosa la namna hiyo. Lakini mahakamani ni mbali, na kodi ya nyumba inalipwa kila mwezi.

Kwa hiyo tunamshauri mwombaji atie Hapana, bila woga. Hilo ndilo jibu la kawaida la mtu ambaye bado ana kazi, na afisa yeyote wa rasilimali watu aliyekaa kwenye kiti hicho kwa muda analielewa. Ila kutia alama peke yake hakutoshi. Siku ileile unaporudisha barua iliyotiwa saini, andika kwa baruapepe, kwa aliyekuajiri na si kwa kampuni ya uchunguzi, sentensi mbili zisizo na maua: "Mwajiri wangu wa sasa hana habari kwamba naondoka. Naomba asiwasiliane naye mtu yeyote, kwa simu, barua wala mazungumzo ya faragha, mpaka niwaandikie kwamba nimewasilisha notisi." Omba jibu la maandishi. Wakisema wamekubali kwa mdomo, waandikie kuwashukuru kwa kukubali, ili ibaki kumbukumbu.

Kisha wape kitu badala ya simu. Ushahidi kwamba mtu ameajiriwa mahali fulani upo tele bila kumwamsha bosi. Kuna barua ya ajira ya sasa. Kuna slipu za mshahara za miezi mitatu. Kenya kuna fomu ya P9, ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kila mwaka kwa ajili ya kodi, nayo ina jina la mwajiri, PIN yake na malipo ya mwezi kwa mwezi. Kuna taarifa ya michango ya NSSF, Kenya na Tanzania, inayoonyesha nani alikuchangia na tangu lini. Mtu anayetaka kujua kama kweli umefanya kazi benki fulani tangu 2021 ana majibu yote hapo. Kama mshahara wako hauwahusu, funika tarakimu kabla ya kutuma. Wanachothibitisha ni ajira.

Kuhusu tabia na uwezo wako, wakusemee waliokwisha kukusimamia na hawapo tena katika ofisi hiyo. Msimamizi wa zamani aliyehamia kampuni nyingine ndiye mdhamini mzuri kuliko wote, kwani anaijua kazi yako ya karibuni na hana sababu ya kukukasirikia. Kwa waajiri wa nyuma, kuna cheti cha utumishi. Kenya, kifungu cha 51 cha sheria ileile kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti hicho, ikiwa alifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Kifungu hicho hakimlazimu kutoa sifa za tabia wala utendaji. Ni jambo la kuzingatia hasa kwa kampuni za ushauri zinazodai barua za kusifu utadhani kila mwajiri anadaiwa barua hiyo na sheria. Hadaiwi.

Tumezungumzia fomu na simu rasmi. Hizo ndizo rahisi kuzidhibiti. Kubwa zaidi ni ile simu isiyo rasmi, na hapo ndipo kampuni za ushauri tunazilaumu kuliko waajiri wengine.

Nairobi ya wahasibu, mawakili na washauri ni ndogo. Mshirika mkuu wa kampuni ya ushauri Westlands alisoma chuo kimoja na mkurugenzi wa fedha wa benki Upper Hill. Hukutana kwenye semina ya wahasibu pwani, kanisani, kwenye uwanja wa gofu, na wako kundi moja la WhatsApp la waliomaliza pamoja. Anaona jina la mwombaji kwenye orodha na kunyanyua simu: "Bwana, kuna kijana wako mmoja hapa, unamwonaje?" Hakuna fomu wala idhini, wala kumbukumbu ya mazungumzo. Aliyeulizwa alikuwa hajui kwamba kijana wake anaondoka. Sasa anajua. Na kama alikuwa na kinyongo naye, amepata nafasi ya kukitoa bila mtu kumdai ushahidi.

Dar es Salaam haina tofauti. Kule Posta na Masaki majina ni yaleyale machache, na anayetoka serikalini kwenda kwenye ushauri anajulikana hata zaidi.

Washirika hao hujitetea kwamba wanailinda kampuni, na kwamba neno la rafiki unayemwamini ni bora kuliko karatasi kumi. Hatukubali. Neno la rafiki halina saini. Likiwa la uongo, mwombaji hatapata nafasi ya kulisahihisha kwa kuwa hatajua kama lilisemwa; ataona tu barua ya kumtakia kila la heri katika shughuli zake nyingine. Kampuni inayouza ushauri wa utawala bora kwa mabenki na wizara haiwezi kuajiri kwa njia hiyo na bado ikasimama mbele ya wateja kuwafundisha.

Tena kuna jambo ambalo ni la kampuni za ushauri peke yao. Mara nyingine mwajiri wa sasa wa mwombaji ni mteja wao. Mkataba kati yao huenda una kipengele kinachokataza kuchukuliana wafanyakazi. Kwa hiyo baada ya barua kutolewa, mtu fulani katika kampuni anashtuka na kusema tuombe ruhusa kwa mteja kwanza. Kuomba ruhusa ndiko kumtaja. Swali hilo lilipaswa kuulizwa siku wasifu wake ulipoingia, kabla ya usaili wa kwanza, na kujibiwa ndani ya kampuni. Kama kipengele kinazuia, mwambieni mapema kwamba hamwezi kumwajiri, naye aendelee na kazi yake bila mtu kujua kwamba aliwahi kugonga mlango wenu.

Waajiri watatukumbusha vyeti bandia, na wana haki ya kutukumbusha. Aprili 2017 Rais John Magufuli wa Tanzania alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kenya, mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki wake umeibua vyeti bandia zaidi ya 2,000. Hakuna anayetaka mshauri wa kodi ambaye hakusoma hesabu.

Lakini tazameni vyeti hivyo vinahakikiwa wapi. Cheti cha kidato cha nne huulizwa KNEC, Kenya, au NECTA, Tanzania. Shahada huulizwa chuo kilichoitoa, na shahada ya nje ikaulizwa TCU kama ni Tanzania. Uanachama wa bodi ya wahasibu huulizwa bodi yenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho bosi wa sasa ndiye mwenye jibu lake. Anayetumia vyeti bandia kuhalalisha simu kwa bosi anachanganya mambo mawili.

Sheria nayo ipo, ingawa wanaoisoma ni wachache. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inamlinda kila mtu dhidi ya kutakiwa kutoa, au kufichuliwa, habari zake binafsi pasipo sababu ya lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza nguvu: data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, mwenyewe aarifiwe itatumikaje, na pale inapokusanywa kwa idhini, anayedai alipewa idhini ndiye wa kuthibitisha kwamba alipewa. Idhini inaweza kuondolewa wakati wowote. Kwa hiyo hata aliyetia Ndiyo jana kwa haraka anaweza kuandika leo kwamba ameiondoa. Na Kamishna wa Ulinzi wa Data hakai bure: Septemba 2023 alizitoza taasisi tatu faini ya jumla ya shilingi milioni 9.375, mojawapo ikiwa shule iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ina tume yake. Kukodi kampuni nyingine ifanye uchunguzi hakumwondolei anayeajiri wajibu. Yeye aliyeitisha taarifa ndiye atakayeulizwa.

Mwombaji naye ana yake ya kufanya, na mengi ya siri huvuja kwa mkono wake mwenyewe. Usitumie baruapepe ya ofisi wala simu ya ofisi kwa jambo lolote la kazi mpya. Usichapishe nyaraka kwenye printa ya ofisi. Karatasi zilizosahauliwa kwenye printa zimewaumbua wengi. Usibadilishe wasifu wako LinkedIn. Usimwambie hata yule rafiki wa dawati la pili, si kwa sababu ni msaliti, ila usimbebeshe siri ambayo kesho ataulizwa na bosi uso kwa uso.

Cheti cha tabia njema kinahitaji hesabu ya pekee. Kenya kinaombwa kwenye eCitizen, kisha unachapisha fomu ya C24 na kwenda kuchukuliwa alama za vidole, makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu au kwenye kituo cha Huduma. Wino ule mweusi hautoki kwa maji ya bomba peke yake. Mtu aliyesema anakwenda kwa daktari, akarudi ofisini saa tano na vidole vyeusi, ameshajieleza. Chukua siku ya likizo yako halali, nenda asubuhi, usirudi kazini siku hiyo. Ripoti yako ya mikopo isome mwenyewe kwanza. Kenya una haki ya nakala moja kila mwaka bila malipo, na deni ambalo ulishalilipa likiwa bado limeorodheshwa, ni afadhali ulifuatilie kabla mwingine hajaliona. Na mnaoajiri: mkiuliza madeni ya mchambuzi wa data ambaye hatashika senti ya mteja, mnapaswa kuwa na sababu ya kumwambia.

Kuficha safari si kudanganya. Tunasema hivi kwa mkazo kwa kuwa mpaka huo huvukwa. Usiongeze miezi kufunika kipindi ulichokaa bila kazi. Usijipandishe cheo. Kama uliachishwa kazi mahali, sema uliachishwa na kwa nini, kwani mwajiri wa zamani ataulizwa na hapo hujapewa kinga yoyote. Na unapoeleza miradi uliyofanya, usitaje wateja wa mwajiri wako wala kutuma ripoti zao kama mfano wa kazi. Kampuni ya ushauri yenye akili itakuona hufai papo hapo, maana siri za wateja wao nazo utazitoa vivyo hivyo.

Sasa notisi. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, Kenya na Tanzania, sheria inamtaka atoe notisi ya siku 28 kama mkataba wake hausemi zaidi, na mikataba ya wenye vyeo mara nyingi husema zaidi, hata miezi mitatu. Kampuni mpya inataka uanze tarehe mosi. Inakuhimiza ujiuzulu leo, eti uchunguzi ni utaratibu tu, hauna neno. Kama hauna neno, wasubiri umalizike. Usiandike barua ya kujiuzulu kabla hujapata maandishi kwamba vyeti, polisi, wadhamini na waajiri wa zamani vyote vimepita. Omba tarehe ya kuanza ihesabiwe kuanzia siku hiyo, si kuanzia siku ya saini. Ni ombi la kawaida. Kampuni inayolikataa inakutaka ubebe hatari yote wewe mwenyewe.

Linabaki jambo moja gumu. Kampuni itakayokubali kusubiri bado itataka, mwishoni, kuthibitisha kwa mwajiri wa sasa. Ni haki yao, na wakati huo notisi imeshatolewa, kwa hiyo siri imekwisha. Lakini daraja la nyuma nalo limeshavunjwa: bosi aliyechukia kuachwa akisema neno baya, mtu anakosa huku na huku. Hivyo simu hiyo ya mwisho iwe na maswali mawili tu, cheo chake ni kipi na alianza lini, na makubaliano hayo yaandikwe kabla ya notisi. Tabia na uwezo wake mlishauliza kwa wengine. Mlishamsaili, baadhi yenu mara tatu nne, mkampa na mtihani wa kutatua tatizo la biashara ya kubuni. Msirudi kutafuta maoni kwa mtu ambaye ameachwa jana.

Ikitokea wamevunja ahadi na mwajiri wako akajua mapema, usikae kimya. Waandikie siku hiyohiyo, ambatisha baruapepe ile ya sentensi mbili, udai barua ya ajira isiyo na masharti, kwa kuwa wao ndio waliokufungia mlango wa nyuma. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna. Sheria ya Kenya inataka malalamiko yachunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku 90.

Kwa kampuni zenyewe tuna ombi dogo la kuanzia wiki hii. Ondoeni ulazima kwenye namba ya simu ya msimamizi wa sasa. Mahali pake wekeni tarehe ambayo mwombaji atakuwa ametoa notisi, na mfumo usimwonyeshe anayepiga simu jina la mwajiri huyo mpaka mwombaji athibitishe kwamba ameshaitoa. Anayewatengenezea fomu anaweza kuibadilisha kabla ya barua inayofuata kutoka.